Sikio la Kushoto la Jemedari

Kwa Mwalimu Raheli,
Shume,
Lushoto.

Jumapili, 18 Agosti 2024

Mpendwa Beatha,

Marahaba. Naijibu shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua huwezi kufungua barua ya shangazi yako bila kuitamka, hata ukiwa peke yako chumbani. Hujambo mwanangu? Mama yako hajambo? Mnaendeleaje na joto la Mwanza? Natumaini hospitali inakupa muda wa kula chakula chenye jina, si chai na maandazi ya kusimama. Mimi ni mzima. Goti la kulia linalalamika kila asubuhi, lakini bado halijagoma.

Baridi ya mwaka huu imekaza kweli. Saa tisa alasiri ukungu unakuwa umeshashuka kutoka msituni, na nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Viazi tumevuna, si vingi, si haba. Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimelitengenezesha kwa fundi Mika, sasa linavuja mahali pengine.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ipo, na salio lipo. Ila kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa hutafuta njia ya mkato. Karatasi haikatizi mtu. Kaa chini usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Habari yenyewe ni ya mbwa wetu Jemedari. Yu hai, na nimeanza na hilo ili usirukie ukurasa wa mwisho. Lakini sikio lake la kulia limekufa, halisikii tena. La kushoto tunalihangaikia. Kosa ni langu, na hapa chini nakueleza namna lilivyotokea.

Unakumbuka mwaka jana mwezi wa pili ulipokuja likizo ukamkuta anajikuna mpaka anapiga kelele. Masikio yalikuwa yananuka kama unga uliochacha, ndani yana uchafu wa kahawia. Ukasema ni fangasi. Uliporudi Mwanza ukaulizia kwenye duka la dawa za mifugo, ukanitumia kwa basi chupa ya matone, ukiwa umeibandika plasta na kuandika kwa kalamu: matone matano kila sikio, asubuhi na jioni, siku kumi na nne, usiache hata akipona. Mwandiko wako ni mbaya lakini ulisomeka. Siwezi kujitetea kwamba sikuelewa.

Siku ya tano harufu iliisha. Mbwa akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu Krismasi. Nikafunga chupa nikaiweka juu ya kabati, ikiwa na zaidi ya nusu. Beatha, miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto wa watu wasome swali lote kabla ya kujibu. Mimi nilisoma nusu yake nikaweka kalamu chini.

Sababu unaijua, umekulia humu. Nyumba hii haikaushi chupa. Bibi yako alikuwa akisema moto, chumvi na dawa havinyimwi, na ili usinyime lazima uwe navyo, na ili uwe navyo lazima ubakize. Alibakiza kila kitu yule mama. Alipofariki tulikuta vidonge vya malaria vya miaka ya themanini vimefungwa kwenye kitambaa. Sisi tulicheka siku ile, tukavitupa, tabia yenyewe tukabaki nayo.

Basi wiki iliyofuata Dorothea, jirani yetu wa chini ya njia, akaja na hodi yake ile ya kunong'ona. Mbwa wake naye anatikisa kichwa. Nikampa chupa. Akatia siku tatu, kikaacha kumwasha, akairudisha na bakuli la njegere juu yake. Kutoka kwangu ikaenda kwa Paskali, yule mwenye shamba la kabichi karibu na msitu wa serikali. Ikarudi. Ikaenda kwingine. Mdomo wa chupa uliingia kwenye masikio ya mbwa watano, na kila mtu aliacha pale mwasho ulipokoma ili mwenzake naye apate. Niliona tunapendana. Na kweli tulipendana, hilo silikatai hata leo.

Mvua za vuli zilipokuja Jemedari akaanza tena. Nikamtia siku nne. Akapona. Baada ya Krismasi tena, siku saba, akapona nusu. Nikakuomba chupa nyingine, ukatuma bila kuuliza, na nayo ikazunguka vilevile, wengine wakijimiminia kwenye vichupa vyao. Masika yalipoanza nikamtia siku tisa mfululizo, siku nyingi kuliko zote, na safari hii hakikubadilika kitu chochote. Ngozi ya tumboni na kwapani ikawa nyeusi, nene, haina manyoya. Masikio yakavimba mpaka tundu halionekani.

Paskali yeye alikata tamaa mapema. Alisoma kwenye pakiti ya dawa yake ya kupulizia viazi kwamba inaua fangasi, akasema fangasi ni fangasi, akakoroga kidogo kwenye kopo akampaka mbwa wake mgongoni. Ngozi ilitoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Mbwa alipona vidonda, lakini sasa akimwona Paskali ameshika kopo, hata la maji ya kunywa, anaingia chini ya ghala na hatoki mpaka jioni.

Siku ya kima ndipo nilipokubali kwamba Jemedari hasikii. Ilikuwa mwezi wa tano, asubuhi, njegere zimeanza kujaza. Nilitoka na ndoo nikakuta kima sita wameketi katikati ya tuta wanamenya, wanatupa maganda, wanaongea wao kwa wao kwa sauti. Jemedari alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, uso kautazamisha nyumbani. Hakuwa mgonjwa wa homa, hakuwa amelala fofofo. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama mimi nikija, akatikisa mkia, na nyuma yake wezi wanakula. Mbwa ambaye zamani alisikia kima akitua kwenye tawi kabla tawi halijatikisika.

Nilisimama na ndoo yangu. Nikamwita jina, taratibu, nikiwa nimejificha nyuma ya ukuta wa jiko. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu. Kima waligeuka, yeye hakugeuka.

Watu wawili walinishauri apigwe risasi, na mmoja alijitolea kumleta mgambo mwenye bunduki. Ushauri haukuwa wa ukatili. Mbwa asiyesikia huku kwetu ana kazi gani, na mbwa anayejikuna mpaka damu ana raha gani? Nilisema nitafikiri. Nilifikiri siku mbili, kisha nikampigia afisa mifugo.

Anaitwa Nasra. Ni binti wa Tanga mjini, mwembamba, ameletwa huku mwaka jana, na bado anavaa makoti mawili. Alikuja na pikipiki, akanipa shikamoo yake vizuri, akapiga magoti kwenye matope bila kujali suruali. Akaingiza kijiti cha pamba katika kila sikio, akabandika kipande cha selotepu kwenye ngozi ya kwapa akakibandua, akavifunga vyote. Jemedari alimwachia. Halafu akatoa daftari akaniuliza dawa ilitumikaje. Nikamweleza. Alikuwa akiandika. Nilipofika siku ya tano aliacha kuandika.

"Mwalimu," akasema, "hawa fangasi ni ndugu wa hamira. Kila mbwa anao kwenye ngozi na hawamsumbui. Wakipata unyevu na mwasho ndipo wanaumuka. Dawa ukiitia ukaikatisha, unaua wale wanyonge tu. Wanaobaki ni wale wasioisikia dawa, na hao ndio wanaozaa."

Nikamuuliza kama mdomo wa chupa ulikuwa na kosa. Akasema pengine ndiyo na pengine hapana, kwa kawaida fangasi hawa hawarukiruki ovyo kutoka mbwa hadi mbwa, huenda kila nyumba iliwakomaza wa kwake kwa dozi yake fupi. Ila hakupendezwa na huo mdomo wa chupa. Nilimpenda kwa sababu hakusema zaidi ya anachokijua.

Siku niliyokwenda Lushoto kwa shughuli za pensheni nilipita ofisini kwake, akanionyesha kwenye hadubini. Beatha, ni vitu vidogo vilivyobanwa kiunoni, kama nyayo za mtoto kwenye tope. Vimejaa kioo kizima. Nilitazama mpaka jicho likachoka. Hao ndio waliomziba masikio mbwa wa baba yako, na niliowafuga ni mimi.

Sampuli alizitia kwenye kasha la barafu, zikashuka na basi mpaka Mombo, zikaunganishwa mpaka maabara Morogoro. Alichukua pia za mbwa wa Dorothea na wa Paskali. Majibu yalikuja katikati ya mwezi wa sita. Dawa tatu za jamii moja na ile ya chupa yetu, fangasi wa Jemedari waliendelea kukua ndani yake bila wasiwasi. Wa Dorothea vilevile. Wa Paskali walishtuka kidogo. Ikabaki dawa ya jamii nyingine, ambayo ni ngumu kupatikana, na dawa ya kuoshea.

Nasra alinipa masharti na safari hii niliyasoma yote, mara mbili, kwa sauti. Kumwosha mwili mzima mara mbili kwa wiki, povu likae dakika kumi kamili, kwa kutazama saa, kabla ya kusuuza. Kumkausha kabisa, na katika baridi hii kukausha mbwa ni kazi ya mtu mzima: taulo mbili, halafu jikoni kando ya mafiga mpaka manyoya yawe makavu mpaka kwenye ngozi. Kusafisha masikio kila siku, kutia matone mapya, na kutoacha mpaka yeye mwenyewe atazame kwenye hadubini asione kitu. Mimi sina ruhusa ya kusema amepona.

Sikio la kulia alisema tumechelewa. Mfereji umevimba ukawa mgumu kama gome, umeziba. Ngoma ya ndani nayo anadhani imetoboka. La kushoto lina nafasi, akakataa kusema kubwa au ndogo.

Likabaki suala la majirani. Nisingeweza kumwosha wangu huku chupa za zamani ziko juu ya makabati ya watu. Alhamisi iliyofuata jumuiya yetu ya sala ilikuwa kwa Dorothea. Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya kuombea, nikasimama. Nikasema hitaji langu ni kuungama. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, kwa utaratibu, siku tano, siku nne, siku saba, nani nilimpa na kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nikaomba kila mwenye chupa airudishe, hata yenye tone moja, na wenye krimu za fangasi za watoto waache kuwapaka mbwa. Mwalimu wao wa darasa la tatu amesimama anasema amekosea, nadhani hawakujua watazame wapi.

Paskali akainua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, kwa hiyo tusali au tuoshe?"

"Tuoshe," nikasema.

"Na Alhamisi tusali," akasema Dorothea, "maana kuosha mbwa wa Paskali kunahitaji Mungu."

Wakacheka wote, na mimi nikaketi. Chupa zilirudi nne. Moja ilirudi na bakuli la njegere juu yake. Nasra alizichukua zote.

Tangu tarehe ishirini na mbili ya mwezi ule tunaosha, Jumatano na Jumamosi, nyumba tatu pamoja, uani kwangu kwa sababu nina pipa kubwa. Nashika saa. Mtu akitaka kusuuza dakika ya nane namwangalia tu. Ngozi ya Jemedari imeanza kuwa ya rangi yake, na tumboni ametoka vinyweleo vyepesi kama vya kifaranga. Hajikuni tena. Nasra ametazama mara mbili: mara ya kwanza wamepungua, Alhamisi iliyopita ngozi safi kabisa, sikio la kushoto limebakiza wachache. Nilipolisikia hilo neno "wachache" mkono wangu ulitaka kwenda kwenye kizibo. Sikufunga. Tunaendelea.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nazunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Kila Jumamosi ukipiga simu unaniambia, shangazi, mwekee. Nami namwekea sikioni. Unamwita, halafu unampigia ule mluzi wa baba yako, mmoja mrefu na miwili mifupi. Zamani alikuwa akiinuka akaizunguka simu akitafuta mlikojificha. Tangu Pasaka hainuki. Jumamosi ya kwanza nilidhani ni simu. Ya pili nilijua si simu, na nikakuambia anatikisa mkia. Ukafurahi. Nilikusikia ulivyofurahi. Jumamosi iliyofuata ikawa rahisi zaidi. Hata siku ya kima ilipopita na nikawa nimekwisha ungama mbele ya jumuiya nzima, wewe niliendelea kukuambia anatikisa mkia. Nimezihesabu kwenye kalenda ya kanisa. Ni Jumamosi ishirini. Mbili mtandao ulikuwa mbaya kweli. Kumi na nane nilidanganya, na ya mwisho ni jana.

Sitaki kujipamba. Nilifanya hivyo kwa sababu mwaka ule baba yako Kristian alipofariki hukutaka kuzungumza na mtu yeyote, si mimi, si mchungaji, si mama yako. Ulikaa kizingitini siku nne ukizungumza na mbwa wake. Mimi nilikuwa ndani nasikiliza, na nilimshukuru yule mbwa kuliko nilivyowahi kumshukuru binadamu. Ulipoondoka na mama yako kwenda Mwanza ukaniachia yeye. Hukuniachia shamba wala nyumba. Uliniachia masikio yanayoujua mluzi wa ndugu yangu, nami nikayaharibu kwa kubakiza dawa. Naona aibu, Beatha. Nisamehe.

Kuna jambo moja dogo. Kumpima kwa jina haisaidii kwa sababu ananisoma midomo, mwerevu yule, na kupiga makofi anahisi upepo. Kwa hiyo nimejifunza kupiga mluzi. Nina miaka sitini na mitatu, mzee wa kanisa, na kila jioni nasimama nyuma ya banda la kuku najifunza kupiga mluzi. Bibi yako angefufuka anichape. Wiki tatu ulitoka upepo na mate. Dorothea alinikuta mara moja akadhani nimepata pumu. Sasa unatoka, si kama wa baba yako, lakini mmoja ni mrefu na miwili ni mifupi.

Jumanne wiki hii alikuwa amelala jikoni, mgongo kwangu, sikio la kushoto juu. Nikapiga kutoka mlangoni. Sikio lile liligeuka. Kichwa hakikuinuka, ni sikio tu, likageuka nyuma kunielekea, likakaa. Nikapiga tena, halikufanya kitu. Jumatano hakuna. Ijumaa sina hakika. Mwalimu hatoi matokeo kwa jibu moja, kwa hiyo sikupi matokeo.

Barua hii ikikufikia, piga Jumamosi inayofuata. Nitamwekea simu sikio la kushoto. Piga mluzi kama ulivyozoea, usinihurumie. Akitikisa mkia nitakuambia ametikisa. Asipotikisa, nitakuambia hajatikisa.

Msalimie sana wifi yangu Eliza, mama yako, na umsomee barua hii yote, usimrukie mistari. Babu yako mdogo Yeremia anakusalimu, anauliza kama Mwanza kuna viazi vya maana au mnakula mihogo tu. Dorothea na Paskali wanakusalimu, pamoja na yule mbwa aliye chini ya ghala.

Mungu aliyekulinda tangu ukiwa mtoto wa kizingiti kile azidi kukulinda katika kazi yako, na mikono yako isichoke kuwahudumia wagonjwa, na wagonjwa wako wamalize dawa zao.

Mimi shangazi yako nikupendaye, safari hii bila kubakiza,

Raheli